Je, tandiko la ngozi huhitaji mafuta mengi?

Watunzaji wengi wa farasi huku Nairobi na viunga vyake, Karen hadi Ngong, huamini kuwa tandiko la ngozi likipakwa mafuta mengi kila wiki hudumu zaidi. Wazo hilo lina msingi: ngozi ikikauka hupasuka. Lakini mafuta yakizidi, nyuzi za ngozi hulegea, mikanda ya vikuku (vya kukanyagia miguu) hurefuka na vumbi hunata. Mimi nahofia zaidi jasho la farasi, lenye chumvi. Lifute kwa kitambaa chenye unyevu kila baada ya safari, uanike tandiko kivulini, mbali na jiko. Kabla ya kupaka, kunja ukanda taratibu: ukiona vinyufa vidogo, paka kidogo. Ukifuta kwa kitambaa cheupe kikatoka na mafuta, acha kupaka. Mishono nayo ikague. Ukanda ukikatika mbioni, mpandaji anaweza kuanguka.