Sekunde tatu za kugeuza mafuta mazito kuwa petroli

Aliyewahi kupasua kuni anajua, vigogo vilivyonyooka vinaachia kwa pigo moja, vyenye vifundo ndo vinabaki mwisho na hapo mkono umechoka na shoka limeshakuwa butu. Kuvunja mafuta mazito kwa zeolaiti, madini yenye vijitundu vidogo mno ndani yake, ni mambo hayohayo, ila huku shoka linakuwa butu ndani ya sekunde chache tu.

Kwenye mtambo wa kusafisha mafuta kuna bomba refu limesimama wima. Chini yanapulizwa mafuta mazito yanakutana na unga wa zeolaiti wa moto, chembe zake mikromita 70 hivi, yanageuka mvuke palepale na kupanda pamoja na unga kwenye joto la nyuzi 500 mpaka 550, na hadi yafike juu zimepita sekunde 2 mpaka 4, basi. (Mtambo wa Changamwe, Mombasa, ulioacha kusafisha mafuta ghafi 2013, haukuwa na bomba la hivi, ndo maana ulikuwa unatoa mafuta mazito mengi.)

Zeolaiti Y ina vijitundu vya nanomita 0.74 hivi na humo ndani kuna asidi, hiyo asidi ndo inayokata minyororo ya haidrokaboni, yaani molekuli za kaboni na hidrojeni zinazounda mafuta. Molekuli nene haipiti mlangoni, inabidi ikatwekatwe kwanza huku nje.

Sasa kasi ya kuvunjika. Ungekuwa na molekuli ya aina moja, ikibaki nusu, kasi nayo ingeshuka nusu. Mafuta mazito hayako hivyo, mtafiti Weekman wa kampuni ya mafuta ya Mobil mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia hesabu ambayo mafuta yakibaki nusu kasi inabaki robo, na ikaendana na vipimo, kwa sababu yanayobaki ndo yale yenye vifundo. Wala hakuhangaika na molekuli moja moja maana ziko maelfu, alizigawa mafungu matatu tu: mafuta mazito, petroli, halafu gesi na masizi (kaboni inayoganda kwenye unga) pamoja. Wapo wanaoona ule ni uvivu, mimi naona ni akili kubwa.

Fungu la petroli ndo linaumiza kichwa kwa sababu liko katikati, ukilichelewesha bombani nalo linavunjika linakuwa gesi, ukiliwahisha sana mafuta mazito yanatoka hayajaguswa.

Halafu masizi. Yanaziba vijitundu na kufunika asidi, na mtafiti Voorhies mwaka 1945 alionyesha yanaongezeka takriban kwa kipeuo cha pili cha muda, yaani muda ukiwa mara nne masizi yanakuwa mara mbili tu, mengi yanaganda mwanzo mwanzo kabisa. Unga uliochafuka unapelekwa kwenye tanuru, masizi yanachomwa kwa hewa kwenye nyuzi kama 700, kisha unarudi chini ya bomba ukiwa wa moto, na moto huohuo ndo unaoendesha kazi yote maana kuvunja molekuli kunakula joto. Kwa hiyo ukimpelekea fundi wa mtambo zeolaiti isiyoshika masizi hata kidogo usitegemee akushukuru, atakuuliza kuni atazitoa wapi.