Amaterasu hakutoka pangoni kwa kujipenda

Nimekutana tena na maelezo yale yale: kwamba Amaterasu, mungu jua wa Wajapani, alitoka pangoni baada ya kujiona kwenye kioo na kunaswa na uzuri wake mwenyewe. Kojiki, kitabu cha visasili vya Japani cha mwaka 712, hakisemi hivyo hata kidogo.

Chanzo cha kujificha kinajulikana. Mdogo wake, mungu Susanoo, alibomoa matuta ya mashamba ya mpunga ya dada yake, akafukia mifereji, akatapakaza kinyesi katika ukumbi wa mavuno mapya, kisha akatoboa paa la nyumba ya kufumia na kutupa ndani farasi aliyechunwa ngozi. Mfumaji mmoja akafa. Amaterasu akajifungia pangoni, na giza likatanda mbinguni na duniani.

Wasimulizi hurukia kioo na kuyaacha mazungumzo ya mlangoni, na humo ndimo mna kisa chenyewe. Ili kumtoa, kwa mpango wa Omoikane, mungu wa hekima, miungu walikusanya majogoo wa kuwika, wakang'oa sakaki, mti mtakatifu, pamoja na mizizi yake, wakatundika shanga matawi ya juu, kioo matawi ya kati, vitambaa matawi ya chini. Mungu wa kike Uzume akapindua beseni, akalikanyaga kwa vishindo, matiti wazi, na miungu wote wakaangua kicheko. Amaterasu akafungua upenyo, akauliza: nimejifungia na kote ni giza, sasa mnacheka nini? Uzume akamjibu kwamba wanafurahi kwa kuwa yupo mungu anayemzidi yeye.

Uzume akiwa bado anasema hayo, kioo kikasogezwa mbele ya Amaterasu. Kojiki inasema akazidi kuona ajabu, akasogea kidogo kidogo nje ya mlango. Tajikarao, mungu mwenye nguvu aliyejibanza pembeni, akamshika mkono na kumvuta. Mungu mwingine, Futodama, akafunga kamba nyuma yake ili asirudi ndani. Kioo, basi, kilitumika kuutia nguvu uongo wa Uzume.

Je, alidhani anamwona mshindani? Mimi nasoma hivyo, lakini andiko linaishia kwenye "ajabu". Mengine ni hoja yetu wasomaji. Tena Nihon Shoki, kitabu kingine cha kale cha Japani cha mwaka 720, katika simulizi yake kuu, haimwonyeshi kioo kabisa: anasikia shangwe, anachungulia, anavutwa. Simulizi nyingine ndani ya kitabu hicho hicho inasema kioo kiligonga mlango kilipoingizwa pangoni, kikapata mkwaruzo mdogo, na ndicho kinachoheshimiwa Ise, kwenye hekalu la Amaterasu.

Neno letu "kioo" nalo linapotosha, maana mtu anawaza kioo cha dukani. Hiki ni chuma au shaba iliyosuguliwa mpaka ing'ae, na kwenye giza lile, kwa usomaji wangu, mwanga wa kukipiga ulitoka kwa Amaterasu peke yake. Alichokiona ni mng'aro wake ukimrudia.

Huko Ise hakuna mwenye kuhiji anayejitazama humo. Hekalu hujengwa upya kila miaka 20, mara ya mwisho 2013, na kioo huhamishwa usiku, kikiwa kimezungushiwa pazia la hariri nyeupe.