Moldi ya bodi ya safing: anza na mbavu

Watu wakitaka kutengeneza moldi, yaani kalibu ya kutolea bodi, swali la kwanza ni rezini gani (ule uji unaoganda ukawa mgumu) na bei gani. Rezini baadaye bwana, kwanza nionyeshe mbavu za sampo yako, zile kingo za pembeni kutoka puani mpaka mkiani. Sampo ndo ile bodi uliyochonga kwa mkono, na moldi inanakili kila kitu, hata mkwaruzo wa msasa usiouona, kwa hiyo piga msasa wa maji mpaka namba 1000 alafu polishi. Kama umechonga kwa fomu nyeupe ya polistairini ivalishe epoksi kwanza maana rezini ya poliesta inaila ile fomu.

Moldi ina vipande viwili, mgongo na tumbo, vinakutana mbavuni, na hapo ndo penye shughuli. Ubavu hautokezi usawa mmoja: kuanzia puani unatokeza karibu na katikati ya unene, ukikaribia mkia unashuka mpaka kwenye kona kali ya tumbo, sasa laini ya kukutania vipande ukiikadiria kwa macho kuna sehemu moldi itaibana bodi kwa chini na haitoki mpaka uvunje kimoja. Mi naweka sampo levo mezani, napaka chaki ukingo wa skwea, naisimamisha wima na kuitembeza kuzunguka bodi nzima ikigusa mbavu. Inapoacha chaki ndo laini yenyewe. Naifuata hiyo kukata flanji ya plaiwudi, yaani ukingo bapa unaozunguka bodi pale vipande vinapokutana, upenyo naziba na plastisini.

Waksi paka, subiri, futa, rudia, kwa sampo mpya mara 5 au 6 wala si nyingi. Juu yake PVA, ile dawa ya maji inayoacha utando ili moldi isigande na sampo, ikauke kabisa.

Jelkoti, lile tabaka la kwanza la rezini linalokuwa uso wa moldi, iwe kama milimita 0.5 hadi 0.8, ikiwa nyembamba sana rezini inayofuata inaishambulia inajikunja makunyanzi na umeharibu kazi. Hadena, dawa ya kugandisha rezini, ni gramu 10 hadi 20 kwa kilo ya rezini, joto la kaskazi huku pwani mi nakaa karibu na 10 na kazi naanza alfajiri. Meti (kitambaa cha nyuzi za fibaglasi) ya kwanza iwe nyepesi, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, toa mapovu yote na rola, iache mpaka kesho ndo uendelee na za 450 kidogo kidogo, ukizirundika siku moja zinachemka na moldi inapinda. Na barakoa ya vumbi haizuii ile harufu, tafuta yenye chujio la kemikali.

Upande wa kwanza ukikauka funga fremu ya mbao kwa nyuma, geuza, ondoa plaiwudi lakini sampo usiitoe. Flanji mpya, yaani ukingo wa upande wa kwanza uliobaki wazi, nayo ipake waksi na PVA kabla ya kutandika upande wa pili, wengi wanasahau hapo na vipande vinagandana jumla.

Kufungua tumia kabari za plastiki na maji, PVA inayeyuka taratibu. Bisibisi iache kwenye boksi.