Hela za trasti za asbesto zina wenyewe, na hakuna anayeenda kuzishtaki

Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu kila baada ya muda, eti Marekani kuna dola bilioni 30 za asbesto zimekaa tu hazina mwenyewe, mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi na asbesto ashtaki alipwe. Watu wanalifowadi na emoji za moto. Sasa humo karibu kila neno limekaa vibaya, na siku hizi hata watu wanaojua mambo ya sheria wanaliongea hivyohivyo.

Maana yenyewe ni fupi. Trasti ya asbesto ni mfuko chini ya wadhamini, unaanzishwa kwenye mahakama ya ufilisi ya Marekani pale kampuni iliyotengeneza au kuuza bidhaa za asbesto (madini ya nyuzi ya kuzuia joto, vumbi lake likivutwa huleta ugonjwa) inapozidiwa na madai ya watu waliougua. Kampuni inatia humo hela, hisa, malipo ya bima zake, halafu aliyeumwa kwa bidhaa zake anadai mfuko badala ya kudai kampuni. Ripoti ya wakaguzi wa bunge la Marekani ya 2011 ilihesabu trasti kama 60 zenye mali ya karibu dola bilioni 37, na hadi mwisho wa 2010 zilikuwa zimeshalipa kama bilioni 17.5 kwa madai milioni 3.3. Serikali haitii hata senti humo. Ndo hivyo tu.

Sasa tuje kwenye "kufilisika", maana hapa ndo watu wanapotea. Huku kwetu ukisikia kampuni imefilisika unaona kufuli getini, mfilisi amekuja, magari yanapigwa mnada na wafanyakazi wanazungushwa miaka kudai mafao yao. Huo ufilisi Marekani upo, wanauita Sura ya 7. Lakini hizi za asbesto karibu zote zimepitia Sura ya 11, ambayo kampuni inaendelea kuuza, inaendelea kulipa mishahara, ila mahakama inawazuia wadai wasiivamie mpaka ipatikane namna ya kupanga madeni.

Angalia Johns-Manville, maana ndo iliyofungua njia. Tarehe 26 Agosti 1982 ilienda mahakamani kuomba kinga, na haikuwa kampuni inayokufa njaa, ilikuwa kwenye zile kubwa 500 za Marekani, ina mali za mabilioni. Ilichokuwa nacho ni kesi zaidi ya 16,000 za asbesto na hesabu inayoonyesha maelfu kwa maelfu wengine wako njiani. Watu walipiga kelele sana, kampuni nzima kabisa inafilisikaje? Mwaka 1988 mfuko wake ukaanza kazi na ukapewa hisa nyingi mno, kiasi kwamba mfuko wa wagonjwa ndo ukawa mwenye kampuni, na mwishoni mwa 2000 wakakubaliana kuiuza kwa Berkshire Hathaway ya Warren Buffett kwa kama dola bilioni 1.9, na zaidi ya robo tatu ya hisa zilikuwa za mfuko. Kwa hiyo mzee aliyeharibiwa mapafu na bidhaa za Manville alikuwa kwa namna fulani anasubiri kampuni hiyohiyo ifanye biashara vizuri ili alipwe. Inachekesha na inaudhi kwa pamoja, lakini ndo ilivyokuwa.

Haya, kinachoniudhi mimi zaidi ni hili la "hazina mwenyewe". Saratani ya mesotelioma, ile inayoshika utando wa mapafu au tumbo, huwa inajitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kuvuta vumbi. Maana yake siku mfuko unafunguliwa, wadai wengine bado wako kazini, wanacheza mpira na wajukuu, hawana hata kikohozi. Ni kama kwenye mirathi mjane akiwa na mimba, fungu la aliye tumboni linashikiliwa, huwezi kugawa kila kitu eti kwa sababu hajazaliwa. Bunge la Marekani liliandika hivyo kwenye sheria ya 1994, kifungu cha 524(g): lazima ateuliwe mtu wa kuwasemea wadai wa baadaye, lazima asilimia 75 ya wadai waliopo wanaopiga kura waukubali mpango, na wakishakubali ndo mahakama inatoa zuio kwamba madai yote ya asbesto dhidi ya kampuni hiyo, ya leo na ya baadaye, yanaelekezwa kwenye mfuko.

Manville ilijifunza kwa maumivu. Mwanzoni walilipa asilimia 100 ya thamani ya dai, na kufikia 1990 hela taslimu zikawa zimeisha, jaji Jack Weinstein akasimamisha malipo. Waliporudi 1995 wakalipa asilimia 10. Mwaka 2001 wakashusha hadi 5. Ukiona orodha yao inasema mesotelioma ni dola 350,000, usishangilie kwanza, hiyo ndo thamani ya dai kwenye karatasi, inazidishwa na asilimia ya malipo. Kwa asilimia 5.1, ambayo Manville wamekuwa wakiitumia miaka ya karibuni, inatoka dola 17,850. Wakili kwa mfuko huo haruhusiwi kuchukua zaidi ya robo, akiichukua yote familia inabaki na kama 13,387. Hapo mtu anasema mfuko umemla. Haujamla, umemtunzia fungu atakayeugua mwaka 2035. Unaweza kusema kampuni ilitia kidogo, na mimi nakubaliana nawe kabisa, ila hilo ni lawama la kampuni na waliopitisha mpango.

Na hapa ndo inaeleweka kwa nini mtu anadai mifuko mingi, wala si ujanja. Chukua fundi bomba aliyefanya kazi Brooklyn Navy Yard, karakana ya meli za jeshi la maji huko New York, kabla haijafungwa 1966. Ndani ya chumba cha boila la meli mabomba yamevikwa asbesto ya kampuni hii, gasketi ni za ile, saruji ya kuzuia joto ni ya nyingine, boila lenyewe la nyingine tena. Kila kampuni ilichangia vumbi lake, kwa hiyo kila mfuko unalipa sehemu yake.

Kushtaki sasa. Kwa trasti hakuna jaji, hakuna ushahidi wa mdomo kizimbani, hakuna "ameshinda kesi". Unajaza fomu, unaambatanisha ripoti ya daktari, kwa saratani mara nyingi ile ya maabara waliyopima kipande cha nyama, na unathibitisha ulikutana na bidhaa ya kampuni hiyo hasa. Hapo kwenye bidhaa ndo kazi ilipo. Mifuko mingi ina orodha ya sehemu za kazi zinazojulikana, viwanda vya mafuta, mitambo ya umeme, meli za jeshi la maji, na kama kazini kwako pamo kwenye orodha na miaka inalingana umepunguza safari. Kama hapamo unatafuta rekodi za ajira za hifadhi ya jamii, kadi ya chama cha wafanyakazi, hati ya kiapo ya mtu mliyefanya naye kazi, na huyo mwenzako mara nyingi naye mgonjwa au ameshatangulia. Ndo maana mawakili wanasisitiza mgonjwa aandikishiwe kiapo mapema akiwa bado anaongea, ataje majina yaliyokuwa kwenye maboksi.

Halafu kuna njia mbili. Ya haraka, unalipwa bei ya orodha kwa ugonjwa wako bila majadiliano, na ya kuchunguzwa dai lako peke yake, ambayo inachukua muda na inaweza kutoa zaidi au pungufu. Muda nao unahesabiwa, mara nyingi miaka 3 tangu ugonjwa ugundulike, na familia inaweza kudai kama mwenyewe amefariki.

Udanganyifu upo pia, tusijifanye hatuoni. Kwenye ufilisi wa Garlock, watengenezaji wa gasketi, jaji George Hodges alisema Januari 2014 kwamba katika kesi 15 alizoruhusu zichimbuliwe, zote mawakili walificha ushahidi kwamba mteja alikutana na asbesto za kampuni nyingine, yaani mahakamani wanaibebesha Garlock mzigo huku kwa trasti wanadai kwingine. Upande wa pili nao hawalali, Johnson & Johnson wamejaribu mara tatu kuyapeleka madai kwamba poda yao ilikuwa na asbesto kwenye ufilisi kupitia kampuni ndogo waliyoiunda, na mara zote mahakama imekataa, ya mwisho Houston mwezi wa tatu 2025.

Wale wanaouliza kuhusu paa la asbesto la nyumba ya shule au kota za zamani huku kwetu, hapana, hilo tu halikupi dai. Lazima ugonjwa uwepo, na kampuni yenye mfuko iwe ndo iliyotoa ile bidhaa. Aliyevutia vumbi nje ya Marekani na Kanada, mifuko mingi huita dai la nje na hulipitisha kwenye ile njia ndefu ya uchunguzi. Lakini kama mzee wako alikuwa baharia au alifanya kazi kwenye gati za huko miaka ya 60 au 70 na sasa ana mesotelioma, hapo muulize wakili, na muulize mapema.

Na Johns Manville bado ipo jamani, inauza pamba ya nyuzi za kioo mpaka leo. Kwa hiyo usiseme fulani "ameishtaki kampuni iliyokufa". Sema amewasilisha dai kwenye mfuko wake, inatosha.