Bluu si sumu, na kutogeuka bluu si cheti

Wiki iliyopita nimetumiwa picha nyingine. Uyoga mnene, kofia ya kahawia, umepigwa kutoka juu tu, kama picha ya pasipoti iliyopigwa kisogoni. Chini yake maneno: "Shikamoo mwalimu. Tumeupata huku Kilolo mlimani. Tumeukata, haukugeuka bluu, kwa hiyo leo usiku tunapika."

Hakuniuliza. Alikuwa ananiarifu tu.

Swali la upande wa pili nimelizoea ("umegeuka bluu, ni sumu eh?"), nina hata jibu la kubandika. Hili la safari hii ndilo lililoninyima usingizi. Nikapiga simu, haikupokelewa. Asubuhi kijana akanipigia mwenyewe: mchuzi ulikuwa mchungu kama mwarobaini, sufuria nzima imemwagwa, mama mwenye jiko hasemi naye. Nikamwambia ashukuru ule uchungu. Kuna boleti (uyoga wenye vitundu chini ya kofia) zilizo chungu, ambazo kipande kimoja kinaharibu sufuria nzima, na nyingi kati ya hizo ukizikata hazigeuki bluu hata kidogo.

Sasa hii bluu. Ukiikata boleti ya aina inayobadilika, nyama yake ya njano inapigwa na hewa, na ndani ya sekunde chache rangi inatambaa kutoka kwenye mirija kwenda shinani kama wino uliodondokea karatasi mbichi. Inatisha, nakubali. Lakini kinachotokea ni hiki: ndani ya nyama mna asidi za rangi ya njano hadi machungwa, ile ya variegati na ya xerokomi, na mna kimeng'enya (kichocheo cha mabadiliko ya kikemia) kilichokaa chumba cha pili. Kisu kinavunja ukuta, oksijeni inaingia, vinakutana, bluu. Umewahi kumenya ndizi za kupika ukaziacha nje ya maji? Umekata bilinganya ukaenda kupokea simu? Zimekuwa nyeusi, na hukukimbilia hospitali. Jamaa zake ni hao hao, ila hapa rangi ni ya kuvutia macho. Ukiuweka jikoni, kimeng'enya kinakufa kwa moto na bluu inarudi kuwa njano.

Hizo asidi si sumu. Sumu ya boleti ni kitu kingine kabisa, na haina mkataba wowote na rangi. Kule Ulaya kuna Neoboletus luridiformis, ukiugusa tu unakuwa bluu ya kuiva, na watu wanaula ukishapikwa vizuri. Kuna Imleria badia, bluu kidogo, unaliwa sana. Halafu kuna Rubroboletus satanas, uliopewa jina la shetani mwenyewe, wenye protini inayoitwa bolesatini, unaomtapisha mtu mpaka aishiwe. Huo bluu yake ni hafifu, yenye uvivu. Mtu anayepima hatari kwa ukali wa bluu angeukwepa wa kwanza akala wa tatu.

Na Amanita phalloides, unaoua kuliko wote? Haugeuki rangi yoyote, na wanaousimulia wanasema ladha yake nzuri. Dalili zinakuja baada ya saa sita, kumi na mbili, hata zaidi, ini likiwa limeshaanza kuliwa. Huo si boleti, chini ya kofia una matamvua (vipande vyembamba kama kurasa) badala ya vitundu, lakini sheria ya "haukubadilika, upo salama" watu hawaiachi kwenye boleti. Wanaibeba hadi huko. Ndiyo maana nakasirika.

(Na vile vipimo vingine vya mtaani, sarafu ya fedha, kitunguu, konokono aliyeula: hapana, hapana, na hapana. Konokono hana ini lako.)

Ningependa watu waniletee nini basi? Mti. Kila mtu analeta uyoga, hakuna anayeleta jani. Boleti nyingi zinaishi kwa kubadilishana na mizizi ya miti maalumu, na ukijua mti umeshapunguza nusu ya kazi. Panda msitu wa mvua wa Udzungwa, huenda utembee kutwa usione boleti moja, maana miti mingi ya kule imefungamana na kuvu za aina nyingine. Shuka upande mkavu wenye miombo na mikusu, mvua za kwanza zikishanyesha, zimejaa. Ukiwa kwenye misonobari iliyopandwa ni habari nyingine tena: kuvu wengi wa hapo wamekuja na miche. Boletus edulis, ule Waitaliano wanaouita porcini, ulifika Afrika Kusini hivyo hivyo. Kwa hiyo "nimeupata mlimani" hainiambii kitu. Mlima una misitu mitatu.

Baada ya mti: rangi ya vitundu chini ya kofia, wavu au vidoa kwenye shina, kitako kizima (chimba, usivunje), na chapa ya spora, yaani ule unga wa uzazi unaodondoka kutoka kofiani, kwenye karatasi nyeupe usiku kucha. Waridi, kahawia ya zeituni, karibu nyeusi. Hapo ndipo jenasi, yaani makundi ya ukoo wa uyoga, zinapoachana. Bluu nayo naiandika daftarini: imeanzia wapi, imechukua sekunde ngapi. Ni alama nzuri ya utambuzi. Haijui lolote kuhusu tumbo.

Niseme na la aibu. Hata ukiniletea vyote hivyo, boleti nyingi za miombo naishia kuandika "Boletus" na nukta, kisha alama ya kuuliza. Vitabu nilivyosomea viliandikwa kwa miti ya Ulaya, na majina yenyewe hayatulii: huyo wa shetani alikuwa Boletus mpaka 2014. Ile kanuni ya Wazungu ya kukwepa vitundu vyekundu vinavyogeuka bluu, mimi mwenyewe naifuata huku kwetu, kwa woga tu. Sina ushahidi kwamba inafaa Kilolo.

Kijana kanitumia ujumbe jana: "Mwalimu, mti wenyewe umepukutisha majani. Nikuletee gome?"

Lete. Na uyoga mwingine, mzima, kwenye karatasi. Si kwenye mfuko wa nailoni.