"Mwalimu, Mfundishe Tu Kuokoa Gari": Wanayoamini Wazazi wa Tabora Kuhusu Udereva wa Kujihami

Vijana wa kidato cha sita wakishamaliza mitihani, simu zinaanza. Maneno ni yale yale: "Mwalimu, huyu kuendesha anajua tangu yuko darasa la saba. Leseni ya kujifunzia anayo. Wewe mfundishe tu kuokoa gari likiteleza." Nimeambiwa hivyo Isevya, nimeambiwa Cheyo, na juzi kaniambia baba mmoja aliyekuwa anaongea nami huku anaendesha, simu kaibana begani. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

"Kuendesha anajua"

Anachojua ni gari. Klachi, gia, kurudi nyuma getini bila kugusa ukuta. Hayo kijana mwenye akili anayashika kwa wiki chache, na mzazi akiona gia zinaingia bila kukwaruza anaamini mtoto ameiva. Barabara bado hajaijua. Udereva wa kujihami unahusu vilivyo mbele ya boneti: watu, ng'ombe, baiskeli, bodaboda, na nafasi unayojiachia kabla yeyote kati yao hajafanya upuuzi wake.

Hayo ya kuokoa gari yana historia yake. Norway mwaka 1979 walifanya mafunzo ya barabara telezi kuwa ya lazima kwa madereva wapya, wakitegemea ajali zipungue. Kwa vijana wa kiume zikaongezeka. Si ajabu. Kijana anayejiona fundi wa kulituliza gari huingia kwenye utelezi kwa spidi ambayo mwoga asingethubutu. Ufundi wa siku moja uwanjani unafutika upesi, kujiamini kunabaki. Kwa hiyo anayetaka mwanawe afundishwe kuzungusha gari kama kwenye sinema, atafute mwalimu mwingine.

Kwangu tunaanza na madumu. Kiwanja ni cha changarawe. Kijana anachukua dumu tupu la lita tano, analiweka pale anapoamini gari litasimama akifunga breki kwenye alama kwa spidi 30. Hapo hukosea kidogo. Kisha namwambia aweke la spidi 60, na karibu wote huliweka umbali mara mbili ya la kwanza. Spidi mara mbili, umbali mara mbili. Hesabu inaonekana ya haki. Lakini spidi ikiwa maradufu, umbali wa breki unakuwa mara nne. Kwenye changarawe kavu, breki zilizotaka kama mita 7 sasa zinataka kama 28, na hapo hatujahesabu sekunde moja ya kushtuka, ambayo kwa spidi 60 inakula karibu mita 17 kabla mguu haujagusa pedali. Dumu linapigwa, linaburutwa chini ya bampa, linalia vibaya. Halafu namshusha kijana, namwambia baba apande aweke dumu lake. La baba nalo linapigwa.

Tukitoka hapo tunashika njia ya Urambo, na kijana anatakiwa kuisoma barabara kwa sauti bila kunyamaza. Mwanzoni husema "gari, mti, mtu". Sitaki orodha. Nataka anieleze kinachokuja: "Ng'ombe wako kulia, mchungaji yuko kushoto, watavuka." "Baiskeli ya mkaa, hamuoni aliye nyuma, Fuso likimpita atayumba." "Vumbi linapanda kwenye njia ya pembeni, kuna pikipiki inatoka, naachia mafuta." Kijana akianza kusema "watavuka" kabla ng'ombe hajainua mguu, nimeshapata nilichotaka. Ambaye hajafikisha miaka 18 inayotakiwa kisheria kuendesha gari, namkalisha kiti cha abiria asome vilevile. Macho hayahitaji leseni.

Kuhusu nafasi: gari la mbele likipita nguzo, hesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili". Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, umemganda mwenzio. Mvua au vumbi, hesabu mpaka nne. Watu wananiambia wakiacha nafasi hiyo wengine wataingia hapo. Waingie. Achia mafuta kidogo, nafasi inarudi.

"Mafunzo ni ya mtoto, mimi nalipa tu"

Mtoto huyo amekaa kiti cha nyuma miaka yote akikutazama. Anayeovateki kwenye kona hakuvumbua, alikuona. Ninachofundisha Jumamosi wewe unakifuta Jumapili mkienda kanisani kwa spidi 80 katikati ya makazi, mahali pa 50. Kwa hiyo mzazi asiyekuja angalau somo moja, simpokei mwanawe. Wengine hukasirika. Akina mama, niseme ukweli, hawakasiriki; wao huuliza tu kama wanaweza kujaribu na wao zoezi la madumu.

"Gari lina ABS, litasimama haraka"

ABS ni mfumo wa breki unaozuia matairi yasifunge, yaani yasiache kuzunguka, ili usukani uendelee kukutii huku umekanyaga. Kwenye changarawe umbali wa kusimama unaweza hata kuongezeka. Na pedali ikitetemeka mguuni, usiachie! Vijana huachia wakidhani kitu kimekatika.

"Akiwa na wenzake watamwangalia"

Watampandisha mori. Dereva mchanga mwenye wenzake wa rika moja garini yuko hatarini zaidi kuliko akiwa peke yake. New Zealand, walioanza leseni za hatua kwa hatua mwaka 1987, wanamzuia dereva wa hatua ya kati kubeba abiria wa kawaida bila msimamizi, na kuendesha peke yake kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri. Huna haja ya kusubiri sheria. Funguo za gari ziko kwako.

"Mkanda ni wa mbele"

Ukigonga ukuta kwa spidi 50, mwili unapokea sawa na kuanguka kutoka mita 10 hivi, ghorofa ya tatu. Aliye nyuma bila mkanda anamwangukia aliye mbele. Mkanda ni wa kila kiti, hata mkienda sokoni tu.

"Kiti ni starehe ya dereva"

Vijana hulaza kiti mpaka wanaonekana paji la uso tu. Egemeza mgongo, nyoosha mkono: kifundo cha mkono kikae juu ya usukani bila bega kunyanyuka. Kanyaga breki mpaka mwisho: goti libaki limekunja. Bila hivyo siwashi gari, na ada ya siku hiyo hairudi.