Mguu Uliojaa, Mguu Mtupu: Maswali Kuhusu Tai Chi na Kusimama Imara

Tai chi ni nini?

Ni sanaa ya kujihami ya Wachina, ambayo leo watu wengi huifanya kama mazoezi ya polepole. Inahusishwa na ukoo wa Chen wa kijiji cha Chenjiagou, jimbo la Henan, tangu karne ya 17. Katika karne ya 19, Yang Luchan, aliyefundwa na ukoo huo, aliifundisha Beijing. Mwaka 1956 serikali ya China ilitoa mfululizo mfupi wa mikao 24 ili mtu yeyote aweze kujifunza.

Yin na yang zina uhusiano gani na afya yangu?

Ni pande mbili zinazokamilishana katika fikra za Kichina, na tai chi imejengwa juu yake. Yin ni utulivu, ulaini na kupokea. Yang ni mwendo, nguvu na kutoa. Hakuna iliyo mbaya, na moja haikai bila nyingine. Uzuri wa tai chi ni kwamba fikra hii unaihisi miguuni.

Simama nyuma ya kiti imara, uwe tayari kukishika. Hamishia uzito mguu wa kulia taratibu, kama unayemimina maji kutoka mtungi mmoja kwenda mwingine, mpaka kisigino cha kushoto kiinuke chenyewe. Huo wa kulia sasa umejaa, wa kushoto ni mtupu. Peleka wa kushoto mbele, uguse sakafu kwa kisigino, lakini usiuegemee bado. Ukihisi utelezi, unaweza kuurudisha. Ukiona pako salama, ndipo unamimina. Wazee wengi huanguka kwa sababu uzito umehama vibaya, mguu haujapata pa kukaa.

Kwa hiyo uzito ugawanywe nusu kwa nusu?

Hapana, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Walimu wa tai chi huonya dhidi ya kuulaza uzito sawasawa kwenye miguu yote miwili ukiwa mwendoni, maana mtu wa hivyo ni mzito kugeuka. Naamini hata maishani ni vivyo hivyo. Mtoto akiugua, uzito wako wote uko kwake, kazi na usingizi vinasubiri. Hujapoteza mizani kwa hilo. Unaipoteza pale mtoto anapopona nawe bado hujarudi kulala, mwezi wa pili, wa tatu, mguu uleule umebeba kila kitu.

Je, madaktari wameichunguza?

Ndiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 huko Marekani ulihusisha wagonjwa 195 wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na kukakamaa kwa mwili), waliofanya mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki 24. Waliofanya tai chi waliumudu mwili vizuri zaidi kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo au ya kuongeza nguvu, na walianguka mara chache kuliko wale wa kunyoosha viungo. Ugonjwa haukupona, lakini kutokuanguka ni jambo kubwa.

Inasaidia msongo wa mawazo?

Pumzi ndefu na akili kutulia kwenye mwendo mmoja huwasaidia wengi. Lipo pia zoezi la watu wawili: mmoja anasukuma, mwingine hazuii, anageuza kiuno na nguvu ile inampita. Ukikaza bega, umempa mwenzako pa kukusukumia. Lakini huzuni isiyoondoka inahitaji mhudumu wa afya. Usiifiche nyuma ya mazoezi.

Je, ni ibada?

Fikra zake zimechota katika Utao, falsafa na dini ya kale ya China. Lakini kufanya mazoezi yenyewe hakuhitaji sala wala imani yoyote.

Nani ajihadhari?

Mwenye kizunguzungu, mifupa dhaifu, maumivu ya goti au mjamzito azungumze kwanza na daktari. Goti lielekee vidole vya mguu vilipoelekea, lisipinde ndani. Likiuma, punguza kuchuchumaa. Dawa ulizoandikiwa endelea nazo, na ukishindwa kusimama, fanya umekaa kitini.